Nataka kubuni prosesa: je, nianze upya na shahada ya elektroniki?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29. Nilisoma sayansi ya kompyuta kwa miaka mitatu nikamaliza na GPA ya 3.6. Sasa hivi nahudumia kompyuta za hospitali moja hapa Morogoro, na jioni natengeneza laptop na simu kwenye kibanda changu. Juzi nilisoma wasifu wa mtafiti mmoja wa usanifu wa kompyuta: shahada ya kwanza ya hisabati, kisha uzamili, kisha uzamivu, halafu miaka na miaka ya 'kubuni prosesa'. Tangu siku hiyo sina raha, maana ndicho ninachokitaka. Lakini marafiki wananiambia kwamba prosesa hubuniwa na watu wa elektroniki tu, kwamba bila kiwanda hakuna cha kufanya, kwamba umri umenipita, na kwamba fani yenyewe imefika mwisho kwa sababu gigahezi haziongezeki tena. Baba mdogo yuko tayari kunilipia shahada nyingine ya kwanza, ya uhandisi wa elektroniki, miaka minne. Nikubali? Na huyo mtafiti, akiamka asubuhi, hasa anafanya nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la baba mdogo, kwa kuwa hapo ndipo penye fedha ya mtu na miaka minne ya maisha yako: usikubali bado. Mshukuru, mwombe aishikilie ahadi yake kwa miezi kadhaa, na nitakueleza kwa nini. Swali lako la mwisho ndilo la kujibiwa kwanza, maana ukilijua jibu lake, mengine yote yatapata mahali pa kukaa.

Mtafiti wa usanifu wa kompyuta hashindi akichomelea lehemu. Siku yake nyingi huisha mbele ya skrini, akifukuzia swali moja: muda unapotelea wapi? Anachukua programu ambazo watu wanazitumia kweli, anapima prosesa imefanya kazi kwa muda gani na imekaa ikisubiri kwa muda gani, kisha anafikiria badiliko moja dogo. Badiliko hilo haliendi kiwandani. Analiandika ndani ya programu inayoigiza prosesa, pigo moja la saa ya ndani ya prosesa baada ya jingine. Analiacha lizunguke usiku kucha, asubuhi anakaa na namba. Mara nyingi namba zinamwambia wazo lake halisaidii, au linasaidia lakini linakula umeme kuliko faida yake. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia karibu mwaka mzima kwenye wazo la kashe, ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, lililokufa hivyo, na bado nahesabu kwamba mwaka ule ndio ulionifundisha kazi.

Wewe jambo hili unalijua kwa mikono, hata kama hujalipa jina. Fikiria meza yako ya kibandani. Bisibisi unayoitumia kila dakika iko mezani. Kuna vipuri viko kwenye droo, na vingine inabidi utoke mpaka duka la ng'ambo ya barabara. Prosesa nayo ina meza yake, inaitwa kashe, na iko ndani ya chipu yenyewe. Kwenye prosesa ya gigahezi 3, yaani mapigo bilioni 3 ya saa kwa sekunde, kuchukua namba iliyo kwenye kashe ya karibu kabisa ni mapigo kama 4 au 5 ya saa. Namba ikiwa kwenye kumbukumbu kuu, ile RAM unayobadilisha kila siku, ni mapigo 200 hadi 300. Yaani, kama kunyoosha mkono mezani tungekuita sekunde moja, kwenda RAM ni dakika nzima, na kufuata data kwenye SSD ni kama kupanda basi kwenda Kariakoo na kurudi kesho yake. Muda wote huo sehemu ya kukokotoa, ile watu wanayoilipia fedha nyingi, imekunja mikono.

Usiniamini kwa maneno. Chukua laptop yoyote iliyo mezani, andika programu fupi ya C. Tengeneza jedwali la mistari 4,000 kwa safu 4,000, kila namba baiti 8, jumla megabaiti 128. Jumlisha namba zote ukienda mstari kwa mstari, upime muda. Kisha jumlisha zilezile ukishuka safu kwa safu. Jibu ni lilelile, na kazi ya kujumlisha ni ileile, mara milioni 16, lakini mara ya pili mashine itachukua muda mrefu zaidi, mara nyingi zaidi ya mara mbili au tatu. Sababu ni kwamba prosesa haiendi RAM kuchukua namba moja. Inabeba kifungu cha baiti 64 kwa safari moja, yaani namba 8 zilizopangana. Ukienda mstari kwa mstari, safari moja inakulisha mara 8. Ukishuka safu kwa safu, unatumia namba moja tu ya kifungu, unaruka baiti 32,000 mbele, na ukija kurudi kumfuata jirani yake, mara nyingi kile kifungu kimeshaondolewa mezani kupisha wengine. Uangalie mambo mawili: chapisha jumla mwishoni, la sivyo kompaila, ile programu inayogeuza ulichoandika kuwa amri za mashine, ikiona jibu halitumiki inaweza kuifuta kazi yote, na zima uboreshaji wa juu wa kompaila, kwa sababu unaweza kukupangia upya mizunguko yako bila wewe kujua.

Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako, umefanya kipimo cha kwanza cha usanifu wa kompyuta, na hukuhitaji kiwanda. Sasa fanya hesabu inayofuata. Tuseme programu inachukua sekunde 100, na 80 kati ya hizo prosesa inasubiri kumbukumbu. Mtu akikuletea prosesa inayokokotoa kwa kasi mara mbili, zile sekunde 20 za kukokotoa zitakuwa 10, na jumla itashuka kutoka 100 hadi 90. Kasi mara mbili, faida sekunde kumi. Mtafiti ndiye mtu anayefanya hesabu hiyo kabla mabilioni hayajatumika.

Tuje kwa umri, maana nahisi ndilo linalokukosesha raha kuliko mengine. Susan Eggers alipata shahada ya kwanza ya uchumi mwaka 1965. Alikaa kwenye ajira miaka mingi, akaingia chuo kikuu cha California pale Berkeley miaka ya themanini, akamaliza uzamivu mwaka 1989 akiwa na zaidi ya miaka arobaini na mitano. Akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 1995, yeye na wenzake Dean Tullsen na Henry Levy walichapisha wazo ambalo wewe unaliona kila ukifungua laptop ya mteja. Fungua dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa prosesa: kwenye nyingi utakuta, kwa mfano, viini 4, yaani sehemu nne za kukokotoa zinazojitegemea, lakini chini yake imeandikwa prosesa za kimantiki 8. Hizo nne za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye jambo ambalo kila fundi analifanya. Simu ya mteja wa kwanza umeipaka gundi ya kioo, lazima ikauke. Hukai ukiitazama. Unavuta ya mteja wa pili, unaifungua, vifaa ni vilevile, meza ni ileile. Eggers na wenzake walionyesha, kwa namba, kwamba kiini kimoja cha prosesa kinaweza kushika kazi mbili au zaidi kwa wakati mmoja: uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa amri, ukikwama kusubiri kumbukumbu, amri za uzi mwingine zinapita kwenye vikokotozi vilevile, hata ndani ya pigo lilelile la saa. Gharama ya kuongeza nafasi ya uzi wa pili ni ndogo kuliko kujenga kiini kizima. Mwaka 2002 Intel ikaliingiza wazo la namna hiyo kwenye prosesa zake za Xeon na Pentium 4. Na mwaka 2018 Eggers akapewa tuzo ya Eckert-Mauchly, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hii, mwanamke wa kwanza kuipata. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba miaka 29 imepita, mwulize imepita kwenda wapi.

Kuhusu elektroniki, marafiki zako wana ukweli nusu. Kazi ya prosesa ina ngazi. Chini kabisa kuna watu wa transista, zile swichi ndogo mno za umeme zinazoijenga chipu, na saketi, wanaojua volti, mkondo na joto. Huko bila uhandisi wa umeme au fizikia hutafika. Juu yake kuna watu wa mantiki ya kidijitali, wanaoandika mashine kwa lugha kama Verilog. Juu zaidi ndiko wasanifu wanakokaa, wakiamua prosesa iwe na amri zipi, kashe ya ukubwa gani, viini vingapi. Huko watu wametoka kila upande. David Patterson alianza na hisabati pale UCLA, na alikuwa wa kwanza katika familia yake kumaliza chuo kikuu. John Hennessy alitoka uhandisi wa umeme, akachukua uzamivu wa sayansi ya kompyuta. Wote wawili, mmoja Berkeley na mwingine Stanford, mwanzoni mwa miaka ya themanini waliuliza swali lilelile: mashine za wakati ule, kama kompyuta ya VAX yenye amri takriban 300, zilikuwa zimejaa amri ngumu ambazo kompaila zilizitumia kwa nadra. Kwa nini tuzibebe? Wakajenga prosesa zenye amri chache na nyepesi. RISC-I ya Berkeley, iliyotoka mwaka 1982 kwa mikono ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ilikuwa na transista zaidi kidogo ya 44,000. Prosesa ya ARM iliyo ndani ya karibu kila simu unayoifungua inafuata mkondo huo. Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta, waliipata pamoja kwa mwaka 2017.

Na ona jinsi swali lao lilivyo. Ni swali la mtu wa programu na takwimu: amri zipi zinatumika, mara ngapi? Shahada yako ya sayansi ya kompyuta iko karibu na swali hilo kuliko unavyodhani.

Fani kufika mwisho? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii imewakatisha tamaa wengi. Ni kweli gigahezi zimekwama. Umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa kasi ya saa mara mraba wa volti. Kwa miongo kadhaa mambo yalikwenda vizuri: kila transista zilivyopungua ukubwa, volti nazo zilipunguzwa, na Robert Dennard wa IBM alikuwa ameeleza mwaka 1974 kwamba kwa njia hiyo joto kwa kila eneo la chipu linabaki palepale. Lakini volti haziwezi kushuka bila kikomo. Zikikaribia volti moja, transista iliyozimwa haizimiki kabisa, inavuja umeme kama bomba lenye mpira uliochakaa. Kufikia mwaka 2004 ukuta ulikuwa umefikiwa: Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8, na Intel ikaufuta mradi wake uliokuwa unafuata, Tejas.

Sasa sikiliza. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1996, Kunle Olukotun wa Stanford, mtu mwenye asili ya Nigeria, aliyesomea Chuo Kikuu cha Michigan hadi uzamivu mwaka 1991, alikuwa ameshachapisha na wenzake hoja kwamba badala ya kiini kimoja kikubwa chenye kutokwa jasho, chipu ibebe viini kadhaa vidogo. Baadaye alianzisha kampuni akaiita Afara, neno ambalo kwa Kiyoruba ni daraja. Kampuni ya Sun ikainunua mwaka 2002, na mwaka 2005 ikatoka prosesa ya Niagara, viini 8 vyenye nyuzi 32. Mwaka 2023 naye akapata Eckert-Mauchly. Gigahezi ziliposimama, jibu lilikuwa limeshaandikwa na kupimwa na mtu aliyeuliza mapema.

Kazi haijaisha tangu hapo, imeongezeka. Kasi haiji tena bure kutoka kiwandani, kwa hiyo lazima itoke kwa msanifu. Chipu maalumu za akili mnemba zimezaliwa na hitaji hilo. Na kuna madeni ya zamani yanayodai. Prosesa ikifika njia panda kwenye programu haisubiri. Inabashiri njia na kuanza kazi, kama wewe unavyoanza kufungua sehemu ya kuchajia kabla mteja hajamaliza kueleza. Ikikosea, inafuta na kurudi. Januari 2018 dunia ikatangaziwa udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre na Meltdown: kazi iliyofutwa huacha alama kwenye kashe, kama skrubu zilizobaki mezani, na mwizi mwenye subira anaweza kuzisoma alama hizo akapata siri za programu nyingine. Kuziba tundu hilo bila kuua kasi ni utafiti unaoendelea.

Sasa tupime njia zako, kwa uaminifu.

Shahada ya pili ya elektroniki: itakufaa kama moyo wako uko kwenye transista zenyewe, au kwenye antena na vitambuzi. Kama unachopenda ni lile swali la muda unapotelea wapi, miaka minne ni ghali mno kwa masomo matatu au manne yanayokupungukia: mantiki ya kidijitali, mpangilio wa kompyuta, kompaila, na uwezekano na takwimu. Haya unaweza kuyasoma ukiwa kazini. RISC-V, amri zilizoanzishwa Berkeley mwaka 2010, ziko wazi kwa yeyote bila leseni ya kulipia, na ndizo ningekushauri ujifunzie. Andika kwa Verilog prosesa ndogo ya RISC-V inayopitisha kila amri kwenye hatua tano, iendeshe kwanza kwenye programu ya kuigiza, kisha ukipata uwezo ununue bodi ndogo ya FPGA, chipu unayoweza kuipanga mwenyewe iwe saketi unayoitaka, uione ikitembea. Baada ya hapo ingia kwenye gem5, programu ya bure ya kuigiza prosesa ambayo watafiti wenyewe wanaitumia. Itakuchosha wiki za mwanzo. Huchosha kila mtu.

Uzamili ndiyo njia ninayoiona inakufaa zaidi, na ndipo ningeomba fedha ya baba mdogo iende. Kuna sababu ya makaratasi pia: shahada yako ni ya miaka mitatu, na baadhi ya vyuo vya Marekani havimpokei mtu wa miaka mitatu moja kwa moja kwenye uzamivu. Ulaya kwa kawaida watadai uzamili vyovyote vile. Kwa karibu na nyumbani, Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, ina tawi lake Kigali linalotoa uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta. Angalia masomo yao na masharti ya ufadhili. Uzamivu wenyewe, ukifika huko, kwa kawaida haulipiwi na mwanafunzi katika fani hii: Marekani chuo hulipa ada na posho kwa kazi ya utafiti au ya kufundisha, na katika nchi nyingi za Ulaya unaajiriwa. Ni miaka mitano au sita Marekani. Posho ni ya kuishi tu, haijengi nyumba Morogoro. Mwambie hivyo kila anayekutegemea kabla hujaondoka.

Tena ukweli mwingine usio mtamu: ajira za kubuni prosesa Afrika Mashariki bado ni chache sana. Pale Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, na natamani kione wenzake. Lakini ukiichagua njia hii leo, jiandae kwamba miaka yako ya kwanza ya kazi huenda ikawa mbali na nyumbani, au nyumbani ukifanyia kazi timu iliyo mbali.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukuamulia nikiwa huku. Chukua nakala ya matokeo yako, nenda idara ya kompyuta au ya umeme ya chuo kikuu kilicho karibu, omba nusu saa na mhadhiri anayefundisha mpangilio wa kompyuta, umwonyeshe ulichokiandika. Akubali au akatae, utahitaji watu watatu hivi wa kukuandikia barua za mapendekezo, na barua nzuri huandikwa na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Kama hisabati ndiyo iliyokushusha chuoni, tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana. Vitabu peke yake havitoshi kwa jeraha la aina hiyo. Na yeyote atakayekuahidi nafasi ya uzamivu kwa malipo ya mkupuo, simama hapohapo, ingia tovuti ya chuo husika mwenyewe, uwaandikie ofisi ya udahili.

Usiache kazi ya hospitali. Mshahara huo ndio unaokununulia utulivu wa kusoma usiku.

Anza na lile jedwali la 4,000 kwa 4,000. Lijaribu kwenye laptop tatu tofauti za kibandani, uandike aina ya prosesa na ukubwa wa kashe zake. Kisha punguza jedwali hadi 1,000 kwa 1,000, halafu 200 kwa 200, uone tofauti ya muda inapungua kwenye ukubwa upi katika kila mashine, na uniandikie unadhani kwa nini. Namba hizo ndizo za kumpelekea mhadhiri siku utakayokwenda kumwona.